Mashine Inayokata Mninga

Pampu ilisimama saa nne asubuhi, watu wanne wakiwa chini ya duara.

Mayala, msimamizi wa duara hilo, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu lililoko nje kidogo ya Ushirombo, ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka. Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Yeye na wenzake walipanda matimba, yale magogo yanayozuia kuta za shimo zisiporomoke, wakang'ang'ania hapo mpaka wenzao wa juu walipowateremshia kamba. Hakufa mtu. Lakini mchana huohuo, matope yakiwa hayajamkauka mwilini, Mayala aliipakia pampu kwenye bajaji akaipeleka kwa fundi aliyeitengeneza wiki tatu kabla.

Fundi huyo aliitwa Melania, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mnene wa mikono, mfupi wa maneno. Ukitaja pampu kuanzia Ushirombo hadi machimbo ya kule ndani, watu walikuelekeza kwake. Aliifungua pampu mbele ya Mayala. Beringi zilikuwa zimesagika. Shafti ilikuwa imekatika kama muwa. Na ndani kabisa ilikaa impela, lile gurudumu dogo lenye mapanga linalosukuma maji. Ilikuwa nzima, haina hata ufa.

Hapo ndipo alipoanza kujishuku. Impela hiyo aliisubu mwenyewe kwa alumini aliyoyeyusha kutoka pistoni chakavu. Aliitoa, akaichomeka kwenye msumari, akaizungusha. Ilizunguka, ikayumba, ikasimama upande mmoja ukiwa chini. Akaizungusha tena. Upande uleule ukaenda chini.

"Ina uzito upande mmoja," alisema. "Imetikisa pampu mpaka ikajivunja yenyewe. Kosa ni langu, Mayala."

Mayala alikuwa amekuja na maneno mengi mdomoni. Yote yakamkauka. "Mama Loveness," alisema, "mimi sikusomea chuma. Ninachojua ni kwamba maji yale ni baridi sana."

Akaondoka. Melania angefurahi kama angetukanwa.

Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa hivi: alichonga mfano wa impela kwa mbao ya mninga, akitumia patasi, tupa na jicho. Mfano huo aliugandamiza kwenye mchanga, akauchomoa, akamimina alumini iliyoyeyuka kwenye nafasi uliyoacha. Mbao ikiwa na kosa, alumini nayo hurithi kosa. Panga moja likiwa nene kuliko mwenzake kwa unene wa kucha, hakuna msasa wa kuliponya. Kwa pampu za kumwagilia bustani haikuwa na neno. Ila pampu ya duara huzunguka kutwa nzima, na chini yake kuna watu.

Jioni alimwambia mumewe, Boaz, kwamba hatachonga tena impela kwa jicho. Anataka mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ile mafundi wanayoiita CNC. Boaz alikuwa mkulima wa pamba na mtu wa kupima mambo. Alitafuna kwanza, akameza.

"Mashine gani?"

"Sijui bado. Wiki hii naenda Shinyanga kuchagua."

"Mchagua jembe si mkulima, mke wangu."

"Ndiyo maana mimi ni fundi," Melania alijibu, na hapo mazungumzo yakaishia. Wiki hiyo aliuza maksai wawili aliopewa na baba yake. Boaz hakuwagusa wala hakuuliza, ila alimsindikiza stendi akiwa amembebea mkoba. Ndani ya mkoba mlikuwa na nguo za kubadili, kalipa ya kupimia, na kipande cha mninga kizito kama tofali.

Mjini Shinyanga, duka la Sostenes lilikuwa na mashine tatu zimepangwa dirishani, zinameta. Sostenes alikuwa kijana mchangamfu aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata kama wembe. Alimwamkia Melania shikamoo, akamvutia kiti, kisha akamwonyesha mashine pana kuliko zote, yenye meza ya kutosha kulaza mlango.

"Mama, ukianza, anza na kubwa. Ndogo utaichoka baada ya mwezi. Hii inakata, inachora, na ukiongeza taa yake inachoma maandishi kwenye ngozi. Kazi zote humu humu."

Kwenye simu yake Melania alikuwa ameshatazama video nyingi kiasi cha kuchanganyikiwa. Kila aliyezungumza alisifia kitu chake: ukubwa wa meza, kasi ya mota, uzuri wa programu. Alikuwa mgeni wa mambo hayo na alilijua hilo. Lakini chuma kwake si kigeni. Aliweka kidole gumba kwenye mkono unaobeba kisu cha mashine, akasukuma taratibu. Mkono ukasogea. Alipoachia, ukarudi.

"Unavutwa na mkanda huu wa mpira?"

"Ndiyo mama, mkanda imara kabisa."

"Nikatie hiki." Akatoa mninga mkobani.

Sostenes aliutazama ule mninga kama mtu aliyeletewa mfupa aambiwe ni mnofu. Alijitetea kwamba maonyesho hufanywa kwa ubao laini. Melania akamwambia kwamba ubao laini ukishindiliwa kwenye mchanga wenye unyevu hufumuka, na kwamba atasubiri. Alisubiri kweli. Wateja wawili wakaingia wakatoka. Mwishowe Sostenes akaubana mninga mezani, akawasha.

Mashine ilipiga yowe. Kisu kilipogusa mbao kiliruka, kikagusa tena, kikaruka, na duara lililokusudiwa likatoka kama yai lenye meno pembezoni. Kabla hakijamaliza mzunguko wa tatu kikavunjika, kipande kikagonga kioo cha dirisha. Wote wawili waliinama.

Sostenes alizima mashine. Uchangamfu ulikuwa umemtoka, na bila uchangamfu alionekana mtu mzuri zaidi. "Mama, nisikudanganye," alisema. "Hii ni ya mabango na mapambo. Hapa dukani sina ya kukufaa. Lakini Kolandoto yupo mwalimu mmoja mstaafu, Mwalimu Nelly. Ana kidude chake kidogo, kibaya cha sura. Kamwone."

"Asante kwa kusema kweli," Melania alijibu. Akamlipa kisu kilichovunjika, ingawa Sostenes alikataa mara mbili.

Mwalimu Nelly alikuwa amefundisha uchoraji wa kiufundi miaka thelathini. Baada ya kustaafu alijaza chumba kimoja cha nyumba yake vibao vya majina na ngao za mashindano ya shule. Alimpokea Melania mlangoni, miwani imekaa juu ya kilemba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mwadila?"

"Mhola duhu," Melania alijibu. Kisukuma cha nyumbani kikamlegeza mabega.

Alieleza haja yake yote, hata ile habari ya duara, ambayo hakuwa amemwambia Sostenes. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unataka mashine ya kukata alumini," alisema.

"Impela ni ya alumini."

"Sizungumzii impela ni ya nini. Nakuuliza mashine ikate nini. Mashine ndogo hula alumini kwa kijiko cha chai. Impela nzima kutoka kwenye bonge utaisubiri siku mbili na utavunja visu kumi. Ya kuimaliza haraka ipo, lakini haipiti kwenye mlango wa karakana yako, na umeme wa nyumbani hauiwashi."

 Melania alitazama mikono yake, yenye makovu madogo ya moto. Miaka tisa alikuwa anayeyusha alumini, na moto haukuwahi kumwangusha. Kilichomwangusha ni patasi.

"Alumini nitaendelea kuisubu," alisema polepole, akiwaza kwa sauti. "Mashine inichongee mfano tu. Mbao. Mbao moja sahihi inazaa impela mia."

Mwalimu Nelly aliteremsha miwani machoni. "Sasa tunaweza kuchagua mashine."

Kidude kile kweli kilikuwa kibaya cha sura. Meza yake haikuzidi sinia la pilau. Lakini nguzo zake zilikuwa za chuma cha kusubu, na kila upande ulisukumwa na skrubu nene badala ya mkanda. Melania alikisukuma kwa kidole gumba, kisha kwa kiganja, kisha kwa bega. Hakikusogea. Kipande cha mninga kikabanwa. Kisu kikazama, kikanguruma kwa sauti nene ya kushiba, vumbi jekundu likamwagika, na baada ya robo saa palikuwa na duara. Alilipima kwa kalipa huku na huku. Lilikuwa duara.

Hakuagiza ya kwake siku hiyo. Mwalimu alikuwa na masharti, na Melania aliyapenda masharti hayo kuliko maneno yote ya video. Alilala Kolandoto siku nne akijifunza kuchora impela kwenye kompyuta, kwani, kwa maneno ya Mwalimu, asiyejua kuchora atakuwa amenunua kabati la vumbi. Alijifunza kuongeza ukubwa kidogo, maana alumini hunywea ikipoa. Hilo alilijua tangu zamani, na safari hii yeye ndiye aliyemfundisha Mwalimu. Alijifunza kulaza kuta za mapanga kidogo ili mbao ichomoke mchangani bila kubomoa kalibu, ile nafasi ya kumiminia alumini. Siku ya tano waliagiza mashine ya aina ileile, na visu vya akiba, na betri ya kuishikilia umeme ukikatika.

Ilifika Ushirombo baada ya wiki sita. Kwa wiki hizo zote duara la Mayala lilikuwa bwawa, kwani pampu mpya ya dukani ilikuwa nje ya uwezo wa kikundi, na ya kuazima walinyimwa. Watu wa kikundi walitawanyika, mmoja mmoja, kwenda kubeba mawe kwenye maduara ya wengine.

Kuchagua vizuri hakukumpa Melania kazi nyepesi. Mara ya kwanza alikosea kuiambia mashine usawa wa mbao ulipo, kisu kikapita mninga na kuingia mezani mpaka moshi ukatoka. Mfano wa pili ulitoka umegeuzwa: mapanga yalipinda kushoto, na pampu huzunguka kulia. Wa tatu ulipasuka kwa sababu mbao haikuwa imekauka. Boaz alikuwa akipita mlangoni, anachungulia, anaondoka. Mara moja alisikia mkewe akiiambia mashine maneno ambayo hajawahi kumsikia akiyasema hata kwa ng'ombe.

Wa nne aliupeleka mchangani, akasubu. Impela ilipopoa aliisafisha, akaichomeka msumari, akamwita Boaz.

"Zungusha."

Boaz alizungusha. Ikazunguka bila kuyumba, ikasimama. Melania akatia alama ya chaki upande wa chini. "Tena." Ikasimama, chaki ikiwa juu. "Tena." Chaki ikawa pembeni. Boaz alizungusha mara kumi na mbili kama mtoto, na haikuwa na upande inaoupenda.

"Hii haijui chini ni wapi," alisema.

Melania alikaa juu ya ndoo akajifuta uso kwa khanga. Hakucheka wala hakulia. Aliomba maji ya kunywa.

Kule machimboni, Mayala aliitazama pampu yake, sasa ina shafti na beringi mpya, ikifungwa, bila furaha yoyote. "Ile ya kwanza nayo ilizunguka vizuri siku ya kwanza," alisema.

"Ni kweli," alisema Melania. "Kwa hiyo hatashuka mtu. Itazunguka siku tatu na mimi nitakaa hapa hapa. Nikiridhika nitawaambia. Nisiporidhika nitaifungua."

Aliweka kikombe cha chai juu ya mgongo wa pampu, akaiwasha. Chai ilitetemeka kidogo katikati, lakini haikumwagika. Maji ya rangi ya kutu yakaanza kutoka bombani, yakashika mfereji. Wachimbaji wachache waliobaki walikuja kukitazama kikombe zaidi ya walivyotazama maji.

Siku ya pili saa saba mchana aliigusa beringi ya nyuma kwa mgongo wa kidole, akaikuta inachoma, akaizima pampu. Watu wakalalamika, matimba ya juu yalishaanza kuonekana. Melania hakubishana nao. Alifungua, akakuta beringi imekazwa kupita kiasi, akawaambia ni kosa la spana yake mwenyewe, akailegeza, akafunga. Kazi hiyo ilichukua saa nzima, na maji yalipanda tena kwa urefu wa mkono. Mayala alimshikia nati moja moja, akimpa kila aliponyoosha kiganja.

"Ungenyamaza tusingejua," Mayala alisema.

"Ningejua mimi."

Siku ya tatu ilipofika alasiri, bomba lilianza kukoroma, likivuta upepo na matope. Duara lilikuwa kavu. Melania aliigusa beringi ya mbele, kisha ya nyuma, kisha akauweka mkono wake wote juu ya pampu akauacha hapo kwa muda mrefu.

"Mnaweza kwenda kukagua matimba," alisema.

Mayala alijifunga kamba kiunoni. Alikagua fundo, akakagua tena, akavaa taa kichwani. Kabla hajateremka aligeuka.

"Mama Loveness, duara la jirani nao pampu yao inatikisika. Niwaambie wakuletee?"

"Waambie wailete," alisema Melania, akivuta mkoba wake wa spana. "Na waizime leo hii, kabla hawajaileta."