Hesabu ya Jioni

Binti yangu Docus ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbale, na mwalimu hajui kukaa nyumbani kwa mtu bila kufundisha. Krismasi iliyopita alikuja kwangu Nakaloke, akaishika simu aliyoninunulia mwenyewe, akatikisa kichwa. "Mama, hii simu yako iko kama nyumba haina viti," akasema. Alikuwa amesoma mahali orodha ya programu za simu zinazowafaa wazee, na tayari alikuwa ameamua kwamba mimi ni mzee.

Akaniwekea ya hali ya hewa, eti nijue mvua itanyesha lini. Mimi nikitaka kujua mvua nautazama mlima Wanale. Ukijifunga kilemba cha wingu, naanua nguo. Akaniwekea Biblia, ingawa yangu ya karatasi haijawahi kuishiwa betri. Akaniwekea ya kuhesabu hatua. Sasa mwanamke anayelima mihogo ahesabiwe hatua kwa faida ya nani? Zote nilizipokea kwa adabu, nikaziacha zilale.

Moja tu niliipenda. Ilikuwa ramani ya familia. Docus aliiweka kwenye simu yangu, kwenye yake, na kwenye ya mdogo wake Ronnie, aliyekuwa amekuja sikukuu kutoka Jinja. Ukiifungua unaona barabara na miji, na juu yake viduara vyenye nyuso zetu. Uso unakwenda anakokwenda mwenye simu. Inakuonyesha hata betri yake imebaki kiasi gani.

"Sasa mama atanilinda kama mfungwa," Ronnie akasema, akacheka hadi simu ikamponyoka na kugonga ngazi ya mlango. Kioo kikapasuka pembeni.

Hakukosea. Mimi nilikuwa askari jela mpaka nilipostaafu, na kazi yangu ilikuwa hesabu. Asubuhi unafungua selo, unahesabu. Jioni kabla ya kufunga, unahesabu tena. Na unahesabu uso, si blanketi, maana anayetoroka huacha nguo zimefunikwa vizuri kama mtu aliyelala. Hesabu ikitimia, afande anatia saini na watu wanakwenda kula. Isipotimia, king'ora kinalia, na hakuna askari anayerudi nyumbani mpaka aliyepungua apatikane. Nimewahi kubaki kazini usiku wa namna hiyo, maziwa yakilowanisha shati langu, na Ronnie huyo huyo akilia kambini kwa njaa.

Kabla sikukuu hazijaisha tuligombana. Ronnie alitaka kwenda nchi za Waarabu kufanya kazi ya ulinzi. Wakala alidai kulipwa kwanza, na Ronnie akataka tuuze shamba la marehemu baba yake, lile lililo chini ya Wanale. Nikakataa, tena si kwa upole. Nilimwambia mume wangu Alfayo amelala katika shamba lile, na anayeuza kaburi la baba yake asishangae na yeye akikosa pa kuzikwa.

"Basi mama, kaa na shamba lako," akasema. Akachukua begi lake, akarudi Jinja.

Haukupita muda, nambari yake ikawa haipatikani. Docus akaingiwa na hofu. Mimi sikuogopa. Nilifungua ramani, na Ronnie alikuwa pale pale alipopanga chumba, Bugembe, nje kidogo ya Jinja, kando ya barabara kuu ya Iganga.

"Amebadilisha laini," nikamwambia Docus. "Amenuna. Ukoo wa baba yake wote wananuna hivyo."

"Mimi naweza kwenda, mama. Naenda Jumamosi, narudi."

"Usiende. Mtu amenuna, ukimfuata ananuna zaidi. Si unamwona? Yuko."

Nikaanza kumhesabu. Asubuhi kabla ya chai, yupo. Jioni nikishafungia kuku, yupo. Betri ikishuka nagombana na simu: chaji, wewe mtoto, kabla umeme haujakatika. Ikipanda nafurahi. Nilijua siku zake za kwenda Jinja mjini sokoni, na nikaona kwamba hatembei ovyo usiku. Nikasema ameanza biashara, ametulia, hasira hasara na yeye mwenyewe ameliona hilo. Kanisani wakiniuliza habari zake najibu ni mzima, yuko Bugembe, na moyoni sikuwa nikidanganya.

Kisha nikaziona Ijumaa. Kila Ijumaa mchana uso wake ulitoka, ukakaa mahali pamoja, ukarudi. Nikaikuza ramani kwa vidole viwili kama Docus alivyonifundisha. Msikiti. Mjukuu wa katekista! Nilikasirika wiki nzima. Nikajiambia kuna msichana hapo, maana mwanamume hahami dini kwa hotuba. Baadaye nikapoa. Alipokuwa Mkristo hata Jumapili hakuonekana kanisani. Afadhali sasa kuna mahali anapiga magoti. Nikaanza kumwazia huyo mkwe wangu, nikampa na jina, Twaibah, nikamfundisha kichwani mwangu kupika vyakula vyetu.

Mvua zikaja zikaisha, mahindi tukavuna, na kijana hajapiga simu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikaona mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye wa kushuka. Nitamwambia auze upande wa juu wa shamba, kaburi libaki, na akitaka kwenda, aende na baraka zangu. Nikapika malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, kwa mchuzi wa karanga, chakula anachokipenda tangu alipoota meno. Nikayatia kwenye kopo, nikalifunga kwa kitambaa. Docus sikumwambia.

Niliposhuka kwenye gari Bugembe nikaifungua ramani na kuifuata. Uso wangu ulikuwa ukiusogelea uso wake, nami natembea huku napanga maneno. Msikiti sitautaja kwanza. Shamba kwanza, kisha chakula, msikiti baadaye. Nikapita wauza vyuma, nikapita duka la dawa za mifugo, mpaka nyuso mbili zikafunikana. Nikainua macho. Lilikuwa duka la magodoro.

Ndani alikuwa mzee mmoja wa kanzu, ndevu zina mvi.

"Karibu, mama. Unataka godoro ya watu wawili ama ya mtoto?"

"Mimi natafuta kijana yangu. Anaitwa Ronnie Wanzala. Iko hapa."

"Hapa iko mimi peke yangu, mama."

"Mzee, usinifiche. Mimi nilikuwa askari jela, mtu akifichwa mimi najua. Kama ameoa binti yako, sina neno. Nimeleta chakula."

Nikamwonyesha simu yangu, uso wa Ronnie ukiwa juu ya uso wangu. Aliuangalia. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa simu yake, akaiweka mezani. Kioo kilikuwa kimepasuka pembeni. Nilikijua kipasuko hicho kabla mkono wake haujaiachia.

Alinikalisha juu ya godoro lililokuwa bado kwenye nailoni. Akasema jina lake ni Sulait, na kwamba Ronnie alikuwa jirani yake, akipanga chumba nyuma ya duka.

"Hii simu yeye aliniuzia mwezi wa kwanza," akasema. "Alikuwa anaenda kazi ya nje. Pesa ya wakala ilikuwa imepungua kidogo, alikuwa anauza vitu yake yote."

"Nje wapi?"

"Huko kwa Waarabu. Jina ya mahali hakusema mzuri. Alisema huko watampa simu ingine."

"Na wakala?"

"Alikuwa na ofisi Jinja mjini. Mimi nilipita pale baadaye, nikaona ni saluni."

Nikapandisha sauti, nikamuuliza kwa nini basi, baada ya kununua simu ya watu, hakufuta ya watu yaliyomo.

"Alinikataza, mama." Aliongea taratibu, kama anayetoa hesabu ya kitu alichopewa kutunza. "Picha zake alifuta. Nambari za watu alifuta. Hii ramani akasema, mzee Sulait, tafadhali, hii usitoe. Mama yangu anaiangalia asubuhi na jioni. Iache mpaka mimi nafika na napiga simu kwake. Ni wiki mbili tu. Mimi nikasema sawa. Hiyo ni amana. Sijawahi kuacha data iishe. Nikisahau simu nyumbani, narudi kuichukua."

Basi soko lilikuwa la Sulait, na Ijumaa zilikuwa za Sulait. Niliyekuwa namgombeza achaji simu ni mzee huyu. Lakini si hilo lililonivunja. Miezi yote hiyo nilikuwa nimeiegemea hasira ya mwanangu, maana aliyenuna ni mzima. Ana nguvu za kununa. Na kumbe hakuwa amenuna. Katika haraka zake, anauza hadi simu ya mkononi, alikumbuka hesabu yangu ya jioni, akaniwekea kitu nikione nilale usingizi. Wiki mbili, alisema. Mtoto aliyenifikiria namna ile asingekaa kimya. Angekuwa na mkono, angekuwa na sauti, angepiga.

Nilikuwa nimehesabu blanketi. Docus alitaka kwenda kumtafuta wakati ofisi ya yule wakala bado ilikuwa ofisi, na mimi ndiye niliyemzuia. Nililia mbele ya mwanamume nisiyemjua, juu ya godoro la kuuza, na sikuona haya.

Sulait aliniletea soda, akaifungua, akaiweka karibu.

"Sasa mama, mwenye amana ni wewe," akasema. "Niache ama nitoe?"

Nilitaka kusema acha. Ningerudi Nakaloke, nifungie kuku, nifungue ramani, na Ronnie angekuwepo, betri yake imejaa. Hakuna mtu ambaye angenikataza. Lakini askari anayemwandika yupo mtu ambaye hayupo, huyo ndiye anayemtorosha.

"Toa," nikasema.

Hakujua pa kuanzia, wala mimi sikujua. Docus angemaliza mara moja. Tulishikilia simu ile wazee wawili, tukibonyeza huku na kule, tukaifungua kamera bila kutaka, tukajiona tulivyo. Mwishowe ikatuuliza kama tuna hakika. Sulait akanitazama, kidole kikabaki juu. Nikambonyezea mwenyewe.

Nikaangalia simu yangu. Uso wa Ronnie ulikuwa umetoka. Docus alikuwa Mbale, shuleni, na mimi nilikuwa Bugembe, peke yangu.

Nilimpa Sulait lile kopo. Akakataa, akasema nirudi nalo nyumbani.

"Kula, bwana," nikamwambia. "Ni ya mwenye simu hii."

Nikatoka nje. Hesabu ilikuwa imepungua mtu mmoja, wala hapakulia king'ora chochote. Watu walikuwa wakiuza na kununua. Nikavuka barabara, nikarudi nyumbani.