Mbwa wa Kizimba cha Tatu

Watu walinipa jina la Bwana Kamba, na nililipenda. Kazi yangu ni mbwa. Sheria ya wilaya yetu inataka kila mbwa afungwe au azuiwe uani tangu alfajiri mpaka jioni, na mimi ndiye niliyezunguka na pikipiki ya ofisi, fimbo yenye kitanzi mgongoni, nikiwakumbusha wasahaulifu. Niliwakumbusha mbele za watu. "Mama, mbwa wako kaniambia nyumba nzima hamna kamba, nimekuja kuwachangia." Majirani wakicheka, mwenye mbwa akitafuta pa kuficha uso. Dunia ilinichapa mapema, nikajifunza kwamba mchekeshaji hapigwi haraka.

Asubuhi moja ya ukungu muuza maziwa aliingia ofisini akichechemea, mguu kaufunga kwa kitambaa cha kuchujia maziwa.

"Nilikuwa nasukuma baiskeli," akasema. "Katokea nyuma, kaning'ata shavu la mguu, kakimbia."

"Mbwa gani, dada?"

"Wa kahawia. Kamba imekatika shingoni. Zaidi ya hapo sikuona, nilikuwa napiga kelele."

"Hakujitambulisha?"

Akacheka, maskini, na huku anatetemeka.

Nilimpakia mpaka hospitali. Muuguzi akaliosha jeraha kwa sabuni na maji kwa robo saa, akamchoma sindano, akatueleza jambo ninalolijua kuliko sala zangu. Mbwa aliyeuma hauawi. Anawekwa kizimbani siku kumi, anaangaliwa. Akibaki mzima, sindano zilizosalia zinaachwa. Akiugua, aliyeumwa azimalize zote, maana kichaa cha mbwa kikishajitokeza kwa mtu hakuna wa kumrudisha.

Nilipita nyumbani kunywa chai. Mbwa wangu alikuwa amelala kizingitini, miguu imelowa umande, kamba shingoni imetafunwa. Mbwa wangu ni wa kahawia.

Ningependa kusema nilibabaika. Chai niliimaliza. Mbwa nikamfungia kwenye banda la kuni, nikamwambia mke wangu kwamba mbwa ana kupe, asimguse. Kisha nikaenda kwa fundi viatu. Naye alikuwa na mbwa wa kahawia, na nilishamkamata mara mbili akizurura.

"Huyu kalala hapa miguuni pangu tangu jana," fundi akasema. Hakuinua hata sindano yake.

"Kila mbwa ana shahidi, mzee wangu, na kila shahidi ndiye mwenye mbwa."

Waliokuwa wakingojea viatu wakaangua kicheko. Fundi akatazama chini. Nikamtia mbwa wake kitanzi, nikampeleka kwenye kituo chetu cha vizimba sita, nikamfungia katika cha tatu. Kwenye kadi ya mlangoni nikaandika: aliyeuma, siku ya kwanza. Mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri sana.

Nilijipa na hoja. Wangu nitamwangalia nyumbani, nikasema, siku kumi ni siku kumi popote. Mbwa wa fundi atatoka mzima, wangu atabaki mzima, na Bwana Kamba atabaki na jina lake.

Fundi alikuja kila mchana na kibakuli cha makombo. Hakuninung'unikia. Siku ya nne alitazama viatu vyangu, soli imeachama kama inaomba chakula.

"Vua nikushonee. Unamlisha vizuri huyu, nimeona."

Nikavua. Nikakaa peku juu ya ndoo, nikimtazama akinishonea viatu mbele ya mbwa niliyemfunga kwa uongo, na kwa mara ya kwanza tangu nipate akili nikakosa la kutania.

Siku ya sita muuza maziwa akaja na baiskeli yake. Fundi alikuwepo, amechuchumaa, anamkuna mbwa wake kupitia waya.

"Anakula?" muuza maziwa akaniuliza.

"Kuliko mimi."

"Basi sikiliza, kaka. Kesho nina sindano. Kwenda na kurudi ni siku nzima, maziwa yananigandia. Mbwa mwenyewe huyu, tazama, anacheza. Wewe ndiye unayejua mambo haya. Niache?"

Kabla sijajibu, mke wangu akatokea getini, anahema.

"Mume wangu, mbwa wetu kule bandani ni kupe gani hao? Taya limening'inia, mate yanamtoka. Nimemsogezea maji kwa ufito, kayaogopa kama moto. Nimeukomea mlango."

Ningeweza kumwambia muuza maziwa aende tu kesho akachomwe, tahadhari kabla ya hatari, nikafa na siri yangu. Nilishafungua mdomo kusema hivyo. Lakini sindano baada ya hiyo je, siku kumi zikiisha na mbwa wa kizimba cha tatu bado anacheza?

"Usiache hata moja," nikasema. "Aliyekuuma ni wangu."

Nikaeleza yote, umande, kamba, chai. Nilitamani mmoja wao anitukane, nipate pa kushika. Muuza maziwa aliinama akautazama mguu wake, kana kwamba umeumwa sasa hivi.

"Ulijua tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na mimi nikakuchekea."

Fundi akasimama, magoti yakalia. "Fungua."

Nikafungua. Mbwa wake akatoka, akaninusa viatu, akamfuata bwana wake. Fundi akageuka akiwa kwenye geti.

"Nampitisha huyu nyumbani, halafu nakwenda kukaa nje ya banda lako na nyundo mpaka daktari wa mifugo afike. Mkeo asikae peke yake. Wewe mpeleke dada wa watu. Leo, si kesho."

Njia nzima muuza maziwa alishika chuma cha nyuma ya pikipiki, hakunishika mimi. Mara mbili nilianza sentensi, upepo ukanisaidia kuimeza.

Hospitali muuguzi alikuwa yuleyule. Akafungua daftari lake, akashangaa. "Si kesho? Na mbwa si mzima?"

"Muulize huyu," muuza maziwa akasema, akaenda kukaa kwenye benchi la mbali.

Nikarudia yote tangu mwanzo. Kulikuwa na foleni nyuma yangu, na wawili kati yao nilishawahi kuwachangia kamba. Hakuna aliyecheka. Muuguzi aliandika polepole, akinisimamisha kila alipopitwa.

"Mwenye mbwa?"

"Mimi."

"Mbwa alikuwa amefungwa?"

"Hapana."

"Kazi yako?"

Nikamtajia.

"Sema kwa sauti," akasema, kalamu juu ya karatasi. "Sijasikia."