Boga la Arubaini

Maskati haina majani ya kupukutika. Anayetaka kujua kama joto limevunjika asikilize viyoyozi. Kuanzia Aprili vinanguruma usiku na mchana bila kupumua, mpaka ifike siku moja ya Oktoba, mwenye nyumba aseme, "Zimeni hiyo, tufungue madirisha," na mtaa mzima wa Khuwair ya Kusini ukae kimya, watu wasikie tena majirani wakivuta viti. Siku hiyo ilipofika nyumbani kwa Bibi Jawaher, kila mtu alisema alhamdulillahi. Bakhita naye akasema. Alisema kwa mdomo, maana mdomo wake ulikuwa mzima. Yaliyokuwa hayafanyi kazi ni mengine yote.

Huyu Bakhita alikuwa mtu wa Mbinga, kwenye milima ya kahawa na baridi ya asubuhi, Mkatoliki aliyebatizwa akiwa na wiki mbili. Mwaka wa sita huu alikuwa akimtunza Bibi Jawaher. Bibi mwenyewe alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa mwari, na mpaka leo ukimuudhi anakugombeza kwa Kiswahili cha kwao. Siku ya kwanza aliposikia jina la mfanyakazi wake alishika shavu. "Bakhita? Miye shangazi yangu akiitwa Bakhita! Basi tushakuwa ndugu, njoo unikande goti." Na goti likakandwa, na tangu hapo hawakuachana.

Mwanzoni mwa Septemba mama yake Bakhita alikufa. Presha ilimpanda akiwa anaanua kahawa, akaketi, hakuinuka tena. Kaka yake Bakhita alipiga simu na kusema asihangaike na tiketi, maana huku hakuna friji ya kumweka mtu, tunazika kesho. Kesho yake Bakhita akaangalia maziko ya mama yake kwenye simu, amesimama kwenye chumba cha pasi, simu ameiegemeza kwenye chupa ya maji. Mtandao ukakata jeneza likiwa juu ya kamba. Picha ikaganda kwenye kiatu cha kaka yake chenye matope, ikakaa hapo hapo dakika kumi na moja. Bakhita akangoja, halafu akachukua kanzu iliyofuata akainyoosha. Siku ile alipiga pasi kanzu tisa na hakuunguza hata moja.

Hakulia. Sikudanganyi, hata chozi la kusingizia. Bibi Jawaher alimshika mkono akamlilia yeye, na Wadha, binti wa Bibi, aliyekuwa na kazi wizarani, akampa siku tatu za kupumzika. Siku ya kwanza Bakhita akaosha mapazia.

Na kanisani hakusema kitu. Hapo ndipo ilipo ajabu, kwa sababu katibu wa jumuiya ya Waswahili alikuwa yeye. Kila msiba wa watu wao waliotawanyika Maskati nzima, wapishi, walinzi, madereva, mayaya, ulipita kwenye simu yake, na yeye ndiye aliyeuandika kwenye kundi la wasapu: tunasikitika kuwatangazia. Wa kwake alianza kuuandika mara mbili akafuta. Tunasikitika, yeye na nani? Alijua wakisikia watakuja na nyimbo na kumkumbatia, wamtazame usoni wakingoja, na yeye hatakuwa na kitu cha kuwapa. Kwa hiyo kila Ijumaa, siku ya mapumziko huko, alikwenda kanisani Ruwi kusali, akajibu kila panapojibiwa, akarudi mkavu kama alivyokwenda.

Bibi alimuuliza mara kadhaa, "Mamako akiitwa nani, mwanangu? Nna haja na jina lake."

"Mama tu, Bibi," Bakhita alijibu kila mara, akaondoka na sinia. Jina lile lilikuwa halipandi kooni.

Sasa kulikuwa na boga. Mbegu zake mama alimfungia kwenye fundo la leso, likizo ya mwisho, miaka miwili iliyopita. Nyingi zilibunguliwa. Zilizosalia Bakhita alizipanda zote nyuma ya jiko, pale bomba la kiyoyozi linapodondosha maji, kwenye kivuli cha ukuta. Mti mmoja ukashika. Ulipanda nyaya za kuanikia nguo, ukatoa maua mengi ya kujionyesha tu, na katika maua yote hayo likatoka boga moja, kubwa kama kichwa cha mtoto. Bakhita kwa furaha akawatangazia jumuiya nzima: mwaka huu kwenye mavuno naleta boga la kwetu. Hiyo ilikuwa Agosti, mama yake angali hai.

Mavuno ya jumuiya hufanywa Ijumaa ya katikati ya Oktoba, kwenye ukumbi nyuma ya kanisa, misa ikishatoka. Kwao kila mtu analeta kitu cha jasho lake, kibichi, anakiweka mezani, halafu anashika kipaza sauti na kusema anashukuru nini. Wengi husema yale yale: afya, kazi, familia nyumbani. Bakhita alijua hataweza kusimama mbele ya meza ile na kudanganya. Akajiwekea neno moyoni, akaliweka kweli: atalipeleka boga, lile pekee lililobaki la mama yake, na kama hata akiliweka mezani kwa mikono yake hatasikia kitu, basi. Atavua rozari, atamwachia mtu ukatibu, hatakwenda tena kumsumbua Mungu kwa salamu za mdomo.

Jumatano akalikata na kikonyo chake. Akalifunga kwenye kanga ya mama yake, akaliweka kwenye rafu ya jikoni kungojea Ijumaa.

Alhamisi mchana Wadha alimtuma duka la dawa kufuata vidonge vya Bibi. Palikuwa na foleni, na mwenye duka akatafuta dawa kwenye makabati yote isipokuwa lile iliyokuwamo. Bakhita alipofungua geti, harufu ya hiliki na tui la nazi ikamfikia barazani. Akaingia jikoni. Bibi Jawaher, ambaye kwa miaka miwili hakusimama mbele ya jiko kwa sababu ya goti, amevutiwa kiti, ameshika mwiko, jasho linamtiririka, na ametabasamu mpaka magego. Kanga ya mama imekunjwa vizuri juu ya rafu. Haina kitu ndani.

"Bibi," Bakhita akasema, "boga."

"Nimelipika! Nshakujua weye, una haya. Unalifunga boga kwenye kanga, unalitua pale, halafu unaona tabu kuniomba jiko. Leo si arubaini ya mamako? Miye nnahesabu tangu siku ile ya simu." Akaonyesha kalenda kwenye mlango wa friji, na kweli, kila siku ilikuwa na alama ndogo ya kalamu ambayo Bakhita alidhani ni ya vidonge. "Na leo Alhamisi, magharibi ikiingia ndio usiku wa Ijumaa. Siku gani nzuri kupita hii ya kumtolea mtu sadaka? Nimewapelekea jirani wa mbele, na mlinzi, na wale mafundi wanaojenga hapo pembeni. Wamekula, wameitika dua, wameondoka."

Wadha alikuwa mlangoni, buibui bado begani, uso umemshuka. "Nilimwambia, Mama, hawa wana mambo yao, subiri aje umuulize. Na tena nikamwambia huyo marehemu si Muislamu. Hasikii."

"Nnasikia sana," Bibi akasema. "Miye nimelisha watu. Mungu atajua pa kuipeleka."

Bakhita akauliza kitu kimoja tu. "Na mbegu, Bibi?"

"Mbegu? Zimekwenda na maganda. Mzoa taka keshapita."

Bakhita akatoka mpaka kwenye pipa kubwa la mtaani. Tupu kweli. Akasimama hapo akitafuta hasira, akaipekua nafsi yake kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba, hakuipata. Akatafuta huzuni, nayo haipo. Akarudi ndani akasema, "Ahsante, Bibi." Bibi akamkabidhi bakuli lake la kauri lenye maua ya bluu, limefunikwa kawa, limejaa boga la nazi. Hili lako na watu wako wa kanisani, alisema, usije ukala peke yako.

Ijumaa Bakhita akalipakata bakuli kwenye teksi mpaka Ruwi. Mlangoni pa ukumbi alikuwapo Edeltruda, mwenyekiti wa jumuiya, mama wa Songea mwenye sauti ya kuita watu mashambani. Mezani palishajaa: mafungu ya ndizi, embe, mfuko wa unga wa dereva mmoja Mkenya, tende za mlinzi, na mchicha ambao Edeltruda mwenyewe aliuotesha kwenye makopo ya samli.

"Ee, dada katibu! Boga liko wapi? Umetuimbia boga tangu Agosti."

"Limepikwa."

"Limepikwa! Unajua kabisa vya kupikwa vinakwenda kule nyuma, mezani ni vibichi. Wewe ndiye uliyeandika tangazo. Nani kalipika?"

"Bibi wa kwangu."

"Mwajiri? Kakupikia sadaka yako?" Edeltruda akafungua mdomo kucheka, akamwona usoni, akaufunga. Akampisha.

Bakhita hakwenda nyuma. Alijiunga na mstari pamoja na bakuli lake, nyuma ya mtu mwenye papai. Mbele yake wakashukuru afya. Wakashukuru kazi. Mwenye papai alishukuru familia nyumbani, akarudi kukaa. Bakhita akaweka bakuli mezani kati ya unga na tende, akangoja asikie kitu. Hakusikia kitu. Basi, akajisemea, ndiyo imekwisha. Kipaza sauti kilikuwa tayari mkononi mwake na watu wanamtazama, kwa hiyo akasema kilichotokea, wala hakupamba, kwa sauti ile ile ya kusomea matangazo.

"Mama yangu amefariki tarehe tano Septemba. Sikuwaambia. Hili boga lilikuwa la mbegu zake, nilitaka kulileta zima. Yule bibi ninayemtunza alihesabu siku arobaini. Mimi sikuhesabu. Akalipika, akawalisha watu kwa ajili ya mama, na goti lake linauma. Mbegu zimetupwa. Nashukuru..." Akalitazama bakuli. "Nashukuru kwamba kuna mtu alihesabu. Mama yangu anaitwa Yustina."

Akakirudisha kipaza sauti mahali pake.

Usitegemee machozi hapo, hayakutoka. Waliolia ni wengine. Edeltruda, aliyekuwa mkali wa vya kupikwa na vibichi, alikwenda nyuma mwenyewe akaleta vijiko, na badala ya kufuata ratiba walimwombea Yustina wakiwa wamesimama, halafu wakala boga lile mezani pale pale, kila mtu kijiko kimoja, mpaka kauri ikaonekana. Bakhita alikula cha kwake. Kilikuwa kitamu mno kwa mkono wa Bibi, mama yake angelalamika sukari. Aliliwaza hilo na likapita.

Edeltruda akaliosha bakuli. Miaka yote ile sita Bakhita alikuwa amemwona Bibi Jawaher akikataa katakata kurudisha chombo cha jirani kikiwa kitupu, hata kama ni kwa kutia limau mbili. Akamwambia Edeltruda hivyo. Edeltruda hakuuliza la pili. Alichukua mchicha wake mezani, shukrani yake mwenyewe, akaujaza bakulini mpaka ukamwagika pembeni.

Alasiri madirisha yalikuwa wazi na Bibi yuko kwenye kochi lake, goti amelifunga kitambaa, limemlipiza ya jana. Akaliona bakuli, akauona mchicha, akafurahi kama mtu aliyetembelewa.

"Wamekula?"

"Wamekula, Bibi. Halikubaki."

"Wamemuombea?"

"Wamemuombea."

"Kwa jina gani? Maana miye jana niliomba nikakwama hapo. Nikasema mamake Bakhita, Mungu anamjua. Lakini si adabu, mtu kuombewa bila jina lake."

"Yustina."

"Binti nani? Nitajie mamake."

"Binti Tekla."

Bibi Jawaher akatua bakuli mapajani, akainua viganja viwili vyenye mikunjo. Alilitaja taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayepokea mgeni asiyemjua: Yustina binti Tekla. Akamwombea nafasi huko aliko, akamwombea nuru, Kiarabu kidogo na Kiswahili kingi, akasema alikuwa mwanamke aliyemlea mwanawe vizuri, miye shahidi, goti langu shahidi.

Bakhita alikuwa amesimama. Akakaa sakafuni karibu na lile goti lililofungwa. Kwanza akamwona kaka yake na kiatu chake cha matope, kisha jeneza likateremka mpaka chini, kule mtandao ulikokataa kumwonyesha. Ikamuuma. Kwa wiki sita hakuna kitu kilichokuwa kimemuuma, hata pasi. Amina, akasema, na safari hii alikuwa anaomba. Akamshukuru Mungu kwa kuwa inauma, akaegemeza paji la uso kwenye kochi na kulia kwa sauti ya nyumbani kwao, ile ya kusikika mlima wa pili.

Wadha alitoka mbio chumbani. Bibi akampungia mkono arudi, kisha akauweka mkono huo juu ya kichwa cha Bakhita.

"Lia, mwanangu," akasema. "Mchicha hauna haraka."