Kalamu ya Mheshimiwa Yakauka kwa Maombi

Wachuka wa Kagio alikuwa na mashine kuukuu ya kukereza na hasira za miaka. Mashine aliinunua kwa fundi wa viti. Hasira alizipata bure, kwa kuhudhuria kila uzinduzi. Banda la wauza nyanya lilikuwa limezinduliwa mara mbili na waheshimiwa wawili, utepe ukakatwa, soda zikanywewa, na akina mama wakaendelea kuuza nyanya juani kana kwamba jua ndilo mradi wenyewe.

Vibao vya uzinduzi vilikuwa vya akriliki, plastiki nene ya buluu. Upepo ulipoviangusha, Wachuka aliviokota, akavikata, akavigandisha kwa gundi na kuvikereza viwe kalamu za wino. Akriliki haitaki pupa. Ukiilazimisha inashika moto na kunata kama ugali mbichi. Basi alikereza polepole, akiwataja waheshimiwa wale kwa majina, kisha akapiga msasa mpaka uongo ukang'aa.

Mheshimiwa wa tatu alipokuja na maneno ya banda, Wamucii, mwenyekiti wa wauza nyanya, alimwambia safari hii hawataki kibao. Wanataka hati ya kuwapa kiwanja, itiwe sahihi mbele ya soko zima. Kura zilikuwa karibu, akakubali. Ila alitaka kalamu itakayopendeza kwenye picha.

Wachuka alimtengenezea. Alipompa alimweleza sharti moja tu: ukifungua kifuniko, andika, maana nibu, ile ncha ya chuma, ikikaa wazi inakauka. Mheshimiwa akamjibu kwamba yeye alishika kalamu kabla fundi hajazaliwa.

Siku yenyewe Mheshimiwa alifungua kalamu, akaiinua juu apigwe picha. Hapo ndipo mtu akakumbuka kwamba hawajaomba. Pasta Dedan akapewa kipaza sauti, na huku kwetu pasta hakatizwi. Aliombea mvua, akaombea kahawa, akaingia kwenye mbolea, akazunguka mpaka kwa wajane wa Kianyaga. Wachuka alifumba jicho moja. La pili lilikuwa kwenye nibu inayometa juani. Angeenda kuifunika, lakini nani hutembea watu wakiwa wameinamisha vichwa?

Amina ilipofika, Mheshimiwa aliinama juu ya hati. Kalamu ikakwaruza karatasi, isitoe kitu. Akaitikisa kwa nguvu, na wino ukaruka kwa vidole na koti lake la rangi ya maziwa. Soko likacheka. Yeye naye, kumbe, alikuwa amepata mlango wa kutokea. Akasema hata kalamu imekataa, pengine ni ishara, watarudi wiki ijayo. Mama mmoja akanyoosha biro. Mheshimiwa akasema hati nzito haitiwi sahihi kwa biro ya kuandikia bei ya nyanya. Msaidizi wake, aliyekuwa na biro kwenye mfuko wa shati, akaifunika kwa kiganja kama mtu aliyeshikwa na kiungulia, na kwa mkono wa pili akaanza kukunja hati.

Wamucii alimwangalia Wachuka. Banda linakufa mara ya tatu, na safari hii lawama ni ya kalamu yake.

Wachuka akapanda jukwaani. Alichukua chupa ya maji ya wageni wa heshima, akailowesha nibu, akaipangusa kwa pindo la leso, akachora mstari kwenye kiganja chake. Wino ukatoka.

"Haijakataa," akasema. "Imekauka tu, vile hata wewe ungekauka ukiachwa wazi kwa jua. Tia sahihi, Mheshimiwa."

"Na usijali," Wamucii akaongeza, "hatuombi tena."

Soko lote likainua simu. Mheshimiwa akatia sahihi. Kabla msaidizi hajanyoosha mkono, Wamucii alikuwa ameichukua hati na kuipuliza kama uji moto. "Hii inalala kwetu," akasema.

Mheshimiwa akamwuliza Wachuka kwa sauti ya chini wino unatolewa na nini. Akaambiwa huo hautoki kwa maji wala sabuni, unafifia wenyewe. Na alasiri hiyo Mheshimiwa alikuwa na mazishi Kianyaga, mikono mia ya kusalimia. Kila alipoulizwa vidole vimefanya nini, ilibidi aseme kwa kinywa chake kwamba ametoka kutia sahihi ya banda la Kagio. Kabla jeneza halijateremshwa, mfiwa mmoja alikuwa ameshampigia Wamucii simu kuuliza mabati ya banda yanafika lini.