Sekunde Mbili za Adabu

Timu ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya wanawake wa kanda ilikuwa na ugonjwa ambao daktari wake hakuusomea: adabu. Magoti yalifungwa bandeji, vidole vilivyoteguka vilirudishwa mahali pake, lakini adabu ilikosa dawa.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa msichana wa miaka ishirini, mwongoza mchezo, ambaye wenzake walimwita Sindano kwa jinsi alivyopenyeza pasi katikati ya wapinzani. Kazi ya mwongoza mchezo ni kuamrisha. Yeye ndiye anayeleta mpira, yeye ndiye anayeuona uwanja wote, na ndiye anayemwambia kila mtu pa kwenda kabla sekunde ishirini na nne za kurusha hazijaisha. Wengine aliwaamrisha bila haya. Tatizo lilikuwa mtu mmoja, yule mrefu wa chini ya kikapu, aliyeitwa Komeo kwa sababu kwa miaka kumi na minne alifunga njia na waliopita walihesabika. Komeo alikuwa dada wa baba yake. Tena ndiye aliyemlea tangu darasa la tatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli, na mpaka sasa waliishi humo pamoja.

Basi mazoezini, wenzake walipoambiwa "Kulia!", Komeo aliambiwa, "Shangazi, samahani, naomba usogee kulia." Ombi lilipokwisha, huko kulia kulikuwa kumeshajaa watu.

Kocha, mwanamke mkavu aliyewahi kufundisha hesabu, alilipima ombi hilo kwa saa yake ya mkononi. Sekunde mbili na ushei. Hakugomba. Aliwaita wote wawili kwenye chumba cha kufulia jezi, ambacho ndicho kilikuwa ofisi yake, akawaeleza kwamba mechi ya mwisho ya msimu ni Jumamosi, kwamba wakifungwa wanashuka daraja, na kwamba hawezi kuwaweka uwanjani pamoja watu ambao mmoja anamwomba mwenzake radhi kila mpira. Binti asipojua kuamrisha kufikia Ijumaa, Komeo ataanzia benchi. Yupo msichana mgeni kwenye timu, anaruka vizuri, naye anasubiri zamu.

Maneno hayo yalimchoma Komeo. Mkataba wake ulikuwa unaisha na hakuna mtu aliyetaja mwingine. Alikuwa na miaka thelathini na saba, na goti la kushoto lililolalamika kila alipopanda ngazi. Hakutaka sherehe wala maua. Alitaka jambo moja tu: mechi yake ya mwisho aimalize akiwa amesimama uwanjani, honi ikilia.

Jioni ile ile jikoni kukawa uwanja. Alimkalisha binti mezani, yeye akasimama kando ya jiko, akamwambia aagize chumvi.

"Shangazi, naomba..."

"Hapa hakuna shangazi. Yupo Komeo. Amrisha."

Sindano aliitazama sahani yake. Akajaribu kusema "Komeo" kwa sauti ya mtu anayeiba, akaangua kicheko, kisha akaziba mdomo kama aliyemtukana mkwewe. Komeo naye alitaka kucheka, akajizuia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu hakulelewa na mwingine. Miaka yote ile ya "sema tafadhali" sasa ilikuwa inamrudi mwenyewe.

Siku mbili walikula chakula kisicho na chumvi. Siku ya tatu binti alichoka. Alisema "Komeo, chumvi" bila kuinua kichwa, na kopo likafika. Tangu hapo ikawa Komeo, ndoo, Komeo, mlango, Komeo, zima redio. Fundi baiskeli aliyasikia hayo dirishani, akamuuliza Komeo kwa upole kama yule mtoto yuko salama kichwani. Komeo alimjibu kwamba yuko kazini. Alitii kila neno, huku akijiambia kimoyomoyo kwamba dunia imegeuka miguu juu, na kwamba ni ya Jumamosi moja tu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Husemwa kwamba mcheza kwao hutunzwa, lakini watu wa kwao walikuja pia na ndimi zao, na kila pasi iliyopotea ilipewa maelezo. Sindano aliamrisha kweli. Komeo, juu. Komeo, kinga. Komeo, rudi. Na Komeo alifika kila alipoitwa, robo tatu nzima, kwa miguu aliyodhani imeshamwacha. Robo ya nne goti likadai haki yake. Akaanza kuchelewa hatua moja, kisha mbili. Aliliona hilo mwenyewe, akajipa moyo kwamba wengine hawajaliona.

Zilipobaki sekunde kumi na nane walikuwa wanaongoza kwa pointi moja, mpira umetoka nje na ni wa wapinzani. Kocha aliomba kusimamisha mchezo. Akachuchumaa mbele yao na ubao wake mdogo, akachora ulinzi, kalamu ikasita kwenye duara la Komeo. Akamgeukia mwongoza mchezo na kumuuliza kama watano hawa wanatosha. Aliyeuona uwanja ni yeye, aseme yeye.

Komeo alimtazama binti wa kaka yake, na macho yake yalisema wazi: sekunde kumi na nane tu, mwanangu.

Sindano alilitazama goti lile la kushoto.

"Komeo, kaa."

Hakuomba, wala hakuongeza neno. Komeo alikaa. Alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto, maana mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mkuki huu aliunoa mwenyewe.

Mgeni aliingia. Wapinzani walizunguka, wakarusha, mpira ukagonga pete na kupaa, na yule msichana akaruka akaunyakua juu ya vichwa vya watu wawili. Mwaka jana mkono wa Komeo ungefika pale. Mwaka huu usingefika. Alilijua hilo kabla mpira haujashuka, na akajua kwamba binti alilijua mapema zaidi, na hilo lilimuuma kuliko benchi. Honi ililia akiwa amekaa, taulo mabegani.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wenzake waliimba na kupigana vikumbo. Sindano alimjia na macho mekundu, akasimama mbele yake.

"Shangazi, mimi..."

"Usiniombe radhi," Komeo alisema. "Ukiomba radhi utakuwa umenitoa kwa kukosea. Na hukukosea."

Binti akakaa pembeni yake. Komeo alijifunika taulo usoni, akalia kidogo kwa uchungu na kwa fahari, vyote pamoja, na hakujali nani anaona. Kisha alivua jezi, akaitia kwenye kapu la nguo chafu pamoja na za wenzake.