Fundi Kofia wa Wexcombe

Nilishona kofia kwa Bibi Mehitable Stoddard miaka kumi na mmoja, dukani kwake Wexcombe, kwenye pwani ya Massachusetts. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wanawake wenye uwezo wa mji mzima walivaa kazi ya mikono yake, na hilo lilimtosha.

Theluji ilipoyeyuka mwaka 1895, mchuuzi wa New York alituletea sanduku la manyoya meupe ya yangeyange, ndege wa majini. Moja lilikuwa bado limeshikana na kipande cha ngozi, damu imekaukia. Mehitable akamwuliza manyoya hayo hupatikanaje. Yule bwana akaeleza bila haya kwamba manyoya hupendeza zaidi wakati ndege analea makinda, na ndipo hupigwa risasi, kwa sababu hakimbii kiota. Na makinda? Hao, alisema, hawana soko.

Mehitable akafunga sanduku, akamrudishia. Siku ile ile tuling'oa manyoya kwenye kila kofia ya dukani, tukaweka utepe na maua ya hariri.

Bibi Thayer, mke wa mwenye kiwanda cha viatu, alikuja kuchukua kofia yake ya Pasaka. Alikuwa ameagiza ibebe shakwe mzima, mbawa zimetandazwa.

"Ndege wangu yuko wapi?"

"Yuko ufukweni, mama. Nenda ukamtazame."

"Tangu lini umekuwa mhubiri, Mehitable?"

"Mimi fundi tu. Ila maiti sizishoni tena."

Bibi Thayer akaondoka na kofia yake ya mwaka jana kichwani, na nusu ya wateja wakamfuata. Mimi niliogopa. Mehitable aliendelea kukata kitambaa, akisema wanawake wana macho, kizuri watakiona.

Majira ya baridi nilifuatana naye hadi Boston, akatoe ushahidi mbele ya kamati ya bunge la jimbo iliyojadili mswada wa sheria wa kuzuia biashara ya manyoya ya ndege. Mjumbe mmoja akamkejeli.

"Bibi, si wewe uliyeuza manyoya haya miaka ishirini?"

Ukumbi ukacheka. Mehitable akangoja wanyamaze.

"Ndiyo mimi, basi msimwulize mwingine. Zamani nililetewa shakwe wa ufukwe wetu kwa vikapu. Mwaka juzi niliagiza kumi na wawili, nikaambiwa watatoka Florida. Kwetu wamekwisha. Niliwamaliza mimi, na wake zenu wakawavaa."

Hakucheka mtu tena. Mswada ulikwama mwaka ule, ukapita uliofuata. Wateja waliobaki aliwashawishi waajiri mlinzi wa kukaa ufukweni miezi ya kutaga. Baadhi ya waliotuhama walirudi polepole. Bibi Thayer alinunua kofia zake Boston mpaka alipokufa.

Mehitable alizikwa mwaka 1919. Juni iliyopita nilikwenda ufukweni, magoti yakiniuma, nikakuta mchanga wote ni viota vya shakwe na kelele zao. Mlinzi, mwanamke kijana, akanizuia kwenye kamba iliyozungushiwa viota. Nikamwambia nilifanya kazi na Mehitable Stoddard.

"Hata angekuwa yeye mwenyewe, bibi, asingepita."

Nikamwambia amejibu vyema, nikatazama kutoka pale pale.