Kizimba cha Tano

Jumanne, tarehe 14 Machi 2017, saa nne asubuhi, watu wa halmashauri walikuja bandani kwangu na gunia moja.

Gunia moja. Vizimba vya kutengea sufu vilikuwa vitano.

Mke wangu Noreen alichambua sufu miaka thelathini na moja katika mabanda ya huku kwetu. Kondoo wetu walipokwisha kwa ukame, banda likabaki tupu, akaanza kuchambua mawazo yake. Likimjia wazo, aliliandika kwenye bahasha au karatasi ya mkate akalitupa kizimbani. Cha kwanza, mambo ya maji. Cha pili, bustani. Cha tatu, ukumbi wa mji. Cha nne, upuuzi, na hicho ndicho alichokipenda. Hakuanza kazi yoyote kabla kizimba chake hakijajaa. "Robota halishindiliwi kwa sufu ya kondoo mmoja, Col."

Nikamuuliza cha tano ni cha nini.

"Hicho chako."

"Changu kivipi?"

"Kikijaa nitakusomea. Usiniharakishe, king'ang'anizi wee."

Mimi kusoma ni kwa shida. Alifariki mwezi wa pili mwaka huo huo, kizimba kimebakiza kiganja kujaa.

Halmashauri walikuwa wakikusanya mawazo ya wananchi kuhusu ukumbi, na Noreen alikuwa amewaahidi yake. Nikamwambia yule bibi wao, Trudi, achukue ya kizimba cha tatu, basi. Nikaenda kuchemsha chai. Kurudi, vyote vitano vitupu.

"Tumekurahisishia, Bwana Col! Ofisini watayapanga vizuri, kwa rangi."

"Nilisema cha tatu."

"Si yote ni mawazo?"

Jirani yangu Dougie alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, ungechanganya sufu hivyo, ungefukuzwa kabla ya chai."

Trudi akacheka. Mimi sikucheka, wala sikukasirika. Nilimmiminia chai, nikamuuliza kama anatia sukari.

Gunia lilirudi baada ya miezi minane, na barua: mawazo hayaendani na mpango. Walikuwa wamebandika vikaratasi vya rangi kila mahali. Ukumbi wenyewe hawajaujenga mpaka leo. Wenye vyeo ndivyo walivyo, huchukua vyote ili wasifanye kimoja.

Sasa kila asubuhi namwaga karatasi kwenye meza ya kuchambulia. Dougie anasoma, mimi nagawa. Za maji ni rahisi. Za upuuzi anazicheka hata kabla hajamaliza. Kizimba cha tano sijatia hata moja.

"'Benchi upande wa jua la asubuhi,'" anasoma. "Bustani hii."

"Au ukumbi."

"Au wewe, mzee. Si ndiko unakokaa?"

Nikaiweka pembeni. Pembeni pamekuwa na rundo.

Jana akachukua nyingine, akaisogeza kwenye mwanga.

"'Nimwambie kabla ya baridi kuingia. Asiambiwe na mtu mwingine.'"

Akaigeuza. Nyuma hakuna kitu, ila kikaratasi cha kijani cha halmashauri.

"Kizimba gani, Col?"